Pedeli na Unyayo katika Nchi ya Pamba na Dhahabu

Katika viungo vyote vya baiskeli hapana kinachokanyagwa zaidi, wala kinachosahauliwa zaidi, kuliko pedeli. Usukani hushikwa kwa mkono na hutazamwa. Kiti hukaliwa, kikasifiwa au kikalaumiwa. Kengele hulia na kujitangaza yenyewe. Pedeli hukaa chini karibu na vumbi, hupokea uzito wa mwenye chombo na wa mzigo wake, huzunguka maelfu ya mara kwa siku, na hutajwa siku ile tu inapovunjika. Siku hiyo mtu wa Nyarugusu aliyepakia gunia la mawe ya dhahabu kwenda kwenye karasha, au mwanafunzi mwenye mwendo wa saa nzima mpaka shuleni, hutambua kwamba safari yake yote ilikuwa imetundikwa juu ya kipande cha chuma chenye unene wa kidole.

Nia yangu ni kueleza historia ya kipande hiki katika nchi ya Usukuma na ukanda wa dhahabu wa Geita, na kwa njia hiyo kujibu swali ambalo vijana wa sehemu zile huliuliza mbele ya meza za wauza vipuri: katika pedeli bapa za bei nafuu zinazouzwa kwa ajili ya baiskeli za gia, ipi yafaa kununuliwa? Swali hili laonekana kuwa la sokoni, wala si la chuoni. Walakini mtu hawezi kulijibu vema bila ya kujua pedeli ilitoka wapi, ilitengenezwa kwa miguu ya nani, na fedha ya kuinunulia ilikuwa ikipatikana kwa utaratibu gani. Mambo hayo matatu ni ya historia.

Kwanza nitenge jina. Nyarugusu ninayoisema si ile ya Kasulu mkoani Kigoma, ambayo tangu mwaka 1996 imejulikana ulimwenguni kwa kambi ya wakimbizi. Nasema Nyarugusu ya Wilaya ya Geita, upande wa kusini wa mji wa Geita, nchi ya mashimo, makarasha na mialo ya kuoshea dhahabu. Zamani Geita ilihesabiwa katika Jimbo la Ziwa, baadaye katika Mkoa wa Mwanza, na tangu mwaka 2012 ina mkoa wake wenyewe. Mipaka hiyo imebadilika mara nyingi. Njia za baiskeli kati ya Geita, Kahama na Shinyanga hazikungoja ruhusa yake.

Baiskeli ilizaliwa bila pedeli. Mwaka 1817 Karl von Drais wa Mannheim, katika nchi ya Ujerumani, alionyesha chombo cha magurudumu mawili ambacho mpandaji wake alikisukuma kwa kupiga ardhi kwa miguu, kama mtu atembeaye akiwa ameketi. Ilichukua karibu miaka hamsini kabla ya miguu kuinuliwa kutoka ardhini. Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris walitia mikono miwili na vikanyagio viwili katika gurudumu la mbele. Jina la Pierre Michaux na la Pierre Lallement yote mawili hutajwa, na ubishi wa nani alitangulia haujazimika. Linalojulikana ni kwamba Lallement alipata hati ya uvumbuzi Marekani mwaka 1866. Maadamu pedeli ilikuwa katika gurudumu lenyewe, mzunguko mmoja wa mguu ulikuwa mzunguko mmoja wa gurudumu, na aliyetaka mwendo zaidi hakuwa na budi kuliongeza gurudumu ukubwa. Ndivyo zilivyotokea baiskeli za gurudumu refu kama mlango, ambazo kuanguka kwake kulikuwa kuanguka kwa kichwa. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli ya magurudumu sawa, pedeli zikiwa katikati na mnyororo ukivuta gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akapata hati ya tairi la upepo. Tangu hapo umbo la baiskeli halikubadilika sana. Mtu wa mwaka 1890 angeifahamu baiskeli ya Nyarugusu mara tu aionapo.

Hapa nataka kukaa kidogo juu ya jambo ambalo kila fundi wa baiskeli hulijua kwa mkono, ingawa wengi wa wasomi hawalijui kwa kichwa. Pedeli ya kulia hukazwa kama skrubu ya kawaida, bali ya kushoto ina meno yaliyokatwa kinyume. Kwa nini? Mtu angedhani kwamba pedeli inapozunguka juu ya ekseli yake, msuguano wa gololi huivuta ekseli katika upande ule ule, na hivyo huilegeza. Msuguano huo upo, lakini ni mdogo. Liko jambo lenye nguvu zaidi. Uzito wa mguu hushuka chini daima, na huku mkono wa pedeli unazunguka. Basi ekseli, ambayo haiwezi kukaa katika tundu lake bila nafasi hata ya unywele, hubingirika polepole ndani ya tundu hilo, na kubingirika kwake huenda kinyume cha mgandamizo uzungukavyo. Matokeo yake ni kwamba meno ya kulia upande wa kulia, na ya kushoto upande wa kushoto, hujikaza kadiri mtu anavyokanyaga. Kanuni ya kibandani ni fupi kuliko maelezo yangu: pande zote mbili, spana ikienda mbele inakaza, ikienda nyuma inafungua. Anayelazimisha pedeli ya kushoto katika tundu la kulia huyaua meno ya mkono, na mkono ni ghali kuliko pedeli.

Wajukuu wa uvumbuzi huo walifika Afrika ya Mashariki wakiwa wamekomaa. Baiskeli iliyojijengea jina kubwa katika Tanganyika ya Waingereza ilikuwa Raleigh ya Nottingham, kampuni iliyoanza katika miaka ya 1880 na kukuzwa na Frank Bowden. Ilikuwa nzito, nyeusi, yenye magurudumu ya inchi 28 na fremu ya chuma, na pedeli zake zilikuwa na vipande vinne vya mpira, viwili kila pedeli, vilivyoshikwa kwa boliti ndefu pembeni. Yafaa tuitazame pedeli hiyo kwa makini, kwani ndiyo kipimo ambacho mafundi wetu wakongwe hupimia nyingine zote hadi leo.

Katika Uingereza wakati ule palikuwa na pedeli za aina mbili. Moja ilikuwa ya kingo za chuma zilizokatwa meno kama mtego wa panya, na hiyo ilikuwa ya washindanaji wenye viatu vya soli ngumu. Ya pili ilikuwa hii ya mpira, iliyotengenezwa kwa ajili ya makarani, wafanyakazi wa viwandani na watu wa heshima waendao kazini wakati wa mvua bila kuharibu soli za ngozi. Mtengenezaji wa Nottingham hakuwa na habari za unyayo wa mkulima wa Geita. Walakini mpira uliotengenezwa ili usidhuru kiatu cha karani ulikuwa pia haudhuru mguu mtupu, wala makatambuga yaliyokatwa katika tairi kuukuu za magari. Mpira juu ya mpira hushikana. Nathubutu kusema kwamba kama meli zingalituletea pedeli za meno ya panya peke yake, baiskeli ingalichelewa kuwa chombo cha mkulima na ingalibaki kuwa chombo cha mwenye viatu: mwalimu, katekista na karani.

Fadhila ya pili ya pedeli ile ilikuwa kufunguka. Mwishoni palikuwa na kifuniko. Ukikiondoa waona nati, chini yake koni, na chini ya koni gololi zilizolala katika grisi. Gololi zikilika hununuliwa nyingine. Mpira ukilika hubadilishwa. Ekseli ikipinda hugongwa juu ya chuma kizito mpaka inyooke. Pedeli moja iliweza kuzeeka pamoja na mwenyewe, kila kiungo chake kikiwa kimebadilishwa kwa wakati wake, na bado ikaitwa pedeli ile ile.

Sasa niseme juu ya fedha. Nchi ya Geita ilijaa watu kwa haraka katikati ya karne iliyopita. Chini ya mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, na kwa mapenzi ya watu wenyewe waliochoshwa na ardhi finyu ya Mwanza, Kwimba na Maswa, familia nyingi zilivuka na kuhamia magharibi. Misitu ilifyekwa ili kumfukuza ndorobo, yule nzi ambaye kwa ajili yake kituo kizima cha utafiti kilikuwa Shinyanga chini ya Charles Swynnerton mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Ndorobo hufuata kitu kinachokwenda, na baiskeli ni kitu kinachokwenda. Kwa hiyo katika njia fulani za Tanganyika waliwekwa walinzi wa kuwakagua wasafiri na vyombo vyao, wawaondoe nzi kabla hawajavushwa kwenda nchi safi. Huenda hapana kiumbe aliyeitambua mapema nafasi ya baiskeli katika uchumi wa nchi ile kama nzi huyo.

Waliohamia walipanda pamba. Pamba ilivunwa, ikapakiwa juu ya vichwa na juu ya keria za baiskeli, ikapelekwa kwenye mizani ya wanunuzi. Malalamiko juu ya mizani hiyo ndiyo mbegu ya ushirika: tangu mwaka 1950 wakulima walianza kuweka watu wao wa kuhakiki upimaji, na mwaka 1955 vyama vyao viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo Paul Bomani aliiongoza kabla hajawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru. Siasa za miaka ile, na hasa machafuko ya mwaka 1958 wakati watu wa Geita walipolikataa baraza la wilaya la mchanganyiko wa mataifa, zimeandikwa na wengine. Linalonihusu mimi ni jambo dogo zaidi, nalo ni tabia ya fedha ya pamba: ilikuja mara moja kwa mwaka, nayo ilikuja kwa pamoja.

Mkulima aliyelipwa mavuno ya mwaka mzima mkononi alikuwa na siku chache za kuwa mnunuzi wa vitu vikubwa. Siku hizo aliweza kununua mabati, ng'ombe, cherehani au baiskeli. Alipoingia dukani hakutafuta kitu rahisi; alitafuta kitu kitakachofika msimu ujao, na ujao wa baada yake, kwa kuwa katikati ya misimu hapakuwa na fedha ya kukibadili. Kwa hiyo fedha ya mara moja ilipenda chombo cha kudumu. Pedeli yenye kufunguka na kupakwa grisi ilikuwa pedeli ya mtu wa pamba, na baina ya mavuno alimhitaji fundi kuliko alivyomhitaji muuza duka.

Dahari hiyo ilikatika kwa vipande. Ushirika ulivunjwa mwaka 1976, ukarudishwa baadaye ukiwa umedhoofu. Katika zama za viwanda vya umma palikuwa na kiwanda cha taifa cha baiskeli Dar es Salaam, na baiskeli zake zikajulikana kwa jina la Swala, jina zuri kwa chombo chenye uzito ule. Kisha ikaja dhiki ya mwanzo wa miaka ya 1980, wakati sabuni, sukari, tairi na gololi vilikuwa vitu vya kuulizwa kwa sauti ya chini. Miaka ile ilifundisha watu namna ya kuendesha baiskeli isiyo na pedeli kamili. Mpira ukiisha, kilifungwa kipande cha tairi kwa waya. Kipande kikiisha, kilitiwa kipande cha mti. Mti ukipasuka, ilibaki ekseli tupu, fimbo ya chuma iliyong'aa kwa kukanyagwa, na mwenyewe aliikanyaga kwa uti wa unyayo na kwenda zake. Wako wanaoitazama ekseli tupu wakacheka. Mimi siioni kuwa jambo la kuchekesha. Fimbo ile huteleza wakati wa mvua, na mguu ukiteleza chini ya mzigo wa gunia, goti au mfupa wa muundi ndio unaolipa.

Soko lilipofunguliwa tangu mwaka 1984 baiskeli za Bara Hindi na za China ziliingia kwa wingi: Hero na Avon za Ludhiana, Phoenix ya Shanghai. Umbo lilikuwa lile lile la Nottingham, hata mahali pa kengele, bali bei ilishuka. Nchi ikajaa magurudumu. Katika Shinyanga na Kahama vijana walifunga mito juu ya keria, wakaweka vyuma vya kukanyagia abiria karibu na ekseli ya nyuma, wakaanza kubeba watu kwa nauli. Kazi hiyo wakaiita daladala, jina la mabasi ya mjini. Upande wa mpaka wa Kenya na Uganda, huko Busia, kazi ya namna hiyo ilikuwa imeanza tangu miaka ya 1960 na kupata jina la bodaboda, ambalo sasa pikipiki zimelinyang'anya.

Na hapo ndipo dhahabu inapoingia katika hadithi ya pedeli. Dhahabu ya Geita si jambo jipya. Mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ulifunguliwa katika miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966. Lakini ule ulikuwa mgodi wa kampuni, wenye mashine zake. Wachimbaji wadogo waliongezeka sana katika miaka ya 1980, na zaidi tangu mwaka 1990 Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu yao kwa bei ya kuvutia. Mgodi mkubwa wa sasa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa mwaka 2019. Katikati ya hayo makubwa mawili, Nyarugusu na vijiji vyake viliendelea kuchimba kwa sururu, kuvuta kwa kamba, na kusaga kwa karasha. Kutoka duarani mpaka kwenye karasha, na kutoka karasha mpaka kwenye maji, ni safari ya baiskeli. Pikipiki zimeichukua sehemu kubwa ya safari hizo, lakini si zote, kwa sababu baiskeli hainywi petroli siku ambayo mawe hayakutoa kitu.

Tofauti na pamba, dhahabu haina msimu. Hutoa leo kidogo, kesho hapana, keshokutwa kidogo tena. Mgawo hulipwa kwa vipande, na mbeba mzigo hulipwa kwa gunia. Fedha ya namna hii haimfikishi mtu kwenye chombo cha kudumu. Humfikisha kwenye kipuri cha leo. Ndiyo sababu meza za vipuri zimejaa pedeli za plastiki zilizomiminwa kipande kimoja, zisizofunguka, zenye gololi chache zilizokaushwa na vumbi, ambazo hununuliwa jioni ya siku iliyolipa na kuvunjika kabla ya mwezi haujazeeka. Watu wa mbali husema kwamba maskini hajui hesabu. Hesabu anaijua. Tuseme pedeli njema ina bei ya dhaifu mara tatu nayo hudumu mara nane. Yeyote aona kwamba njema ni nafuu. Lakini fedha ya mara tatu haijawahi kukutana mfukoni siku moja, na gunia linangoja. Mwanahistoria akilisahau jambo hili atadhani kwamba vitu vibaya huenea kwa sababu watu wa siku hizi wamekosa busara ya baba zao, hali baba zao walikuwa na busara ya fedha nyingine.

Vumbi nalo lina sehemu yake. Dhahabu ya ukanda ule hukaa katika mawe meupe ya kwazi, na kwazi ikisagwa ni unga mkali. Unga huo ukiingia katika grisi hugeuka kuwa msasa, na gololi za chuma hulika kama zilizokuwa juu ya jiwe la kunolea. Pedeli ambayo ingedumu miaka katika barabara za lami haina miaka hiyo karibu na karasha.

Katika hali hii zimefika baiskeli za gia, ambazo wenyeji huziona zaidi katika mitumba kutoka nje na katika maduka ya mjini. Asili yake ni California, katika milima ya Marin, ambako vijana wa miaka ya 1970 walishindana kuteremka njia za mawe kwa baiskeli kuukuu zilizotiwa breki na tairi nene. Mwaka 1981 Stumpjumper ya Specialized ikawa ya kwanza kutengenezwa kwa wingi kwa ajili ya kuuzwa. Washindanaji wa barabarani walikuwa wakienda njia nyingine: mwaka 1984 kampuni ya Look ya Ufaransa ilitoa pedeli inayonasa kiatu kwa komeo, na Bernard Hinault akashinda mbio za Ufaransa za mwaka 1985 akizitumia. Shimano ya Japani ilifuata mwaka 1990 na komeo dogo la kufaa njia za matope. Kwa muda ilionekana kwamba pedeli bapa ni ya watoto na ya wasiojua. Baadaye walioteremka milima migumu waliirudia, wakaipanua, wakaifanya nyembamba, wakaipanda vijino vidogo vya chuma ili iung'ang'anie mpira wa soli, kwa kuwa waliona kuwa mguu unaoweza kutoka upesi ni mguu unaookoka. Hilo watu wa Nyarugusu hawakuhitaji kufundishwa; hawakuwahi kufungwa miguu.

Basi pedeli ipi? Nitoe hesabu kwanza. Baiskeli ya magurudumu ya inchi 28, yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, husonga karibu mita tano na nusu kwa kila mzunguko wa pedeli. Mwanafunzi mwenye kilomita 10 kwenda na 10 kurudi huzungusha pedeli zaidi ya mara 3,600 kwa siku. Akisoma siku 190 kwa mwaka, ni karibu mizunguko 700,000. Baiskeli ya gia, akipanda kwa gia nyepesi, humfanyisha mizunguko mingi zaidi. Kitu kitakachofanya kazi hiyo katika vumbi la kwazi hakichaguliwi kwa rangi yake.

La kwanza la kutazama ni ekseli. Iwe ya chuma kamili, hasa kile kilichochanganywa na kromi na molibdeni kama muuzaji anacho, wala isiwe ya alumini hata kama pedeli yenyewe ni ya alumini. Ukiizungusha kwa vidole na kuona kichwa chake kinayumba, imepinda kabla ya kazi, iache. La pili ni njia ya kuifungua. Pembeni pawe na kifuniko kinachotoka, na ndani nati ambayo fundi anaweza kuifikia. Pedeli yenye beringi zilizozibwa kwa mpira huzuia vumbi vizuri zaidi, lakini beringi hizo zikifa hazipatikani kila duka, hali gololi za kawaida hupatikana hata kijijini. Kwa mtu aliye mbali na mji mimi naona gololi za kawaida ni bora, maadamu atakubali kuzitia grisi kila mara vumbi linapozidi.

La tatu ni mwili wa pedeli, na hapa nakubaliana na wakati huu kuliko na wazee wangu. Nailoni nzito, si ile plastiki nyembamba yenye kung'aa, imethibitika kuwa nyenzo njema: haishiki kutu, ikigonga jiwe huteleza, na bei yake ni ndogo kuliko ya alumini iliyochongwa. Upana wake uchukue unyayo tangu kidole kikubwa mpaka cha mwisho. Kuhusu vijino vya chuma, lazima tuulize swali la karani wa Nottingham upya: ni mguu gani utakaokaa juu yake? Mwenye raba za soli laini atavifurahia, hasa matopeni. Mwenye gambuti za mgodini pia. Mwenye kandambili vitamkatia kandambili zake mwezi wa kwanza, na siku mguu utakapoteleza vitamchana muundi mpaka mfupani. Huyo afadhali achukue nailoni yenye vinundu vilivyomiminwa pamoja na mwili wake, au atafute ile ya zamani ya mpira, ambayo bado yapatikana kwa baiskeli za Kihindi na ambayo hapana sheria inayokataza kuitia katika baiskeli ya gia.

Anayebeba mzigo mzito huwa hapandi. Hushuka, akafunga fimbo kwenye usukani na kuusukuma mzigo kwa mabega, kama wafanyavyo watu wa Goma kwa chukudu, chombo chao cha mbao cha magurudumu mawili ambacho hakina pedeli kabisa na bado hubeba magunia ya viazi na makaa. Kwake pedeli ni ya kurudia tu, baada ya mzigo kushushwa. Lakini kurudi nako ni safari, nayo mara nyingi ni ya usiku.

Juu ya jina nina neno moja. Lugha yetu ingeweza kuunda kikanyagio kutokana na kukanyaga, na lingekuwa neno jema. Watu walichagua pedeli, kutoka Kiingereza, nacho kilikopa katika lugha zilizotoka kwa Kilatini, ambako mzizi wake ni mguu. Kwa hiyo mtu wa Nyarugusu asemapo pedeli amesema mguu kwa lugha ya Roma, na hakuna aliyemwambia.

Kipimo cha meno yake hakikubadilika katika safari hiyo ndefu. Kipenyo cha inchi 9/16, meno 20 kwa kila inchi, kulia kwa kulia na kushoto kwa kushoto: Waingereza walikieneza, Wahindi na Wachina wakakifuata, na watengenezaji wa baiskeli za mlimani wakakichukua kilivyo. Nje yake mnunuzi atakutana hasa na kile cha nusu inchi, cha baiskeli ndogo ambazo mikono yake miwili ni kipande kimoja cha chuma kilichopindwa, na yafaa achukue pedeli kuukuu mfukoni ili apimishe. Zaidi ya hapo hapana kizuizi. Pedeli ya nailoni iliyonunuliwa leo mjini Geita huingia katika mkono wa Raleigh iliyonunuliwa kwa pamba, ikiwa meno ya mkono huo yangali mazima, na fundi huikaza kwa spana ile ile, akiivuta kwenda mbele.